Mita 60, kinyungu na milingoti: nani abebe gharama ya kulinda kijito?

SWALI: Kamwene mtaalamu. Mi ni mama wa watoto wanne, naishi kijijini upande wa Mufindi, kuna kijito kinapita kwetu kinaenda kuingia Ruaha Mdogo. Nina kinyungu (bustani ya bondeni ya kiangazi) cha kama nusu eka kando ya kijito, nalima mahindi ya kuchoma, maharage na mboga kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, nikitoa mbegu na mbolea nabaki na kama laki sita kwa mwaka na ndiyo ada na sare za watoto. Pia tuna milingoti, yaani mikaratusi, kama 300 ya miaka sita, 90 hivi ipo huku chini karibu na maji, iliyobaki iko juu mlimani. Mwezi uliopita kwenye mkutano wa kijiji tumeambiwa shughuli zote ndani ya mita 60 kutoka kijitoni ziishe na milingoti itolewe. Mume wangu anasema tusiache maana wa ng'ambo hawataacha, halafu maji yenyewe yanaenda kuwanufaisha wa Pawaga na umeme wa Mtera, sisi tunabaki na njaa. Kuna dalali ameshakuja, anataka milingoti yote kwa 1,500,000 kabla haijakatwa bure. Jirani aliuza ya miaka kumi kwa elfu 15 kwa mti. Vicoba vyetu riba ni asilimia 10 kwa miezi mitatu. Je, hii ni haki? Kwa nini hao wa chini wasitulipe? Na milingoti niuze?

JIBU:

Kamwene dada. Swali lako nimelisoma mara tatu na nimefurahi umeandika na hesabu kabisa, maana wengi wanaoniuliza habari za vyanzo vya maji wanakuja na hasira tu bila namba. Mimi ni mchumi wa maliasili ila nimekulia Njombe, kinyungu cha bibi ndiyo kilikuwa kinatupa mahindi mabichi kipindi vihenge vimekwisha na mapya bado, kwa hiyo ukisema kinyungu ndiyo ada ya watoto sihitaji kuelezwa zaidi. Na sitakwambia "tunza mazingira" halafu nikaishia hapo, maana hayo umeshaambiwa na mkutano.

Nikikuelewa vizuri unauliza vitu vitatu kwa mkupuo: je kweli mimi ndiye ninayekausha mto, kama ni kweli kwa nini hasara yote iwe yangu na faida iwe ya watu nisiowajua, na huyu dalali nimfanyeje. Naanza na maji, kwa sababu usipojua maji yanapotelea wapi hata hesabu ya hela utaikosea.

Watu wengi huku kwetu wana imani mbili zinazogongana. Kuna wanaosema mti wowote unaleta maji kwa hiyo panda tu, na kuna wanaosema kinyungu ndicho kinachonyonya mto. Zote mbili zina kasoro. Bonde lenye tope jeusi kama lako ni sifongo, mvua za masika zinaingia mlimani taratibu, zinashuka chini kwa chini, zinakaa kwenye ule udongo wa bondeni halafu zinatoka kidogo kidogo kijitoni mpaka mwezi wa kumi na moja. Nyasi za asili kiangazi zinakauka juu, yaani zinaacha kunywa. Mlingoti hauachi. Mizizi yake inashuka mbali, majani yake ni mabichi mwaka mzima, kwa hiyo mwezi wa tisa ambapo kila kitu kimepumzika wenyewe unaendelea kuvuta kutoka kwenye ile ile akiba. Ukiupanda juu mlimani, mbali na maji, unakunywa sehemu ya mvua kabla haijashuka, hiyo nayo ipo tusidanganyane, lakini ukiupanda miguu ndani ya sifongo umeuwekea mrija.

Kuna jaribio maarufu la Afrika Kusini, sehemu inaitwa Mokobulaan huko Mpumalanga, naomba ulijue kwa sababu linajibu mambo mengi. Walichukua vibonde vidogo vya nyasi wakapanda miti, kimoja milingoti mwaka 1969 na kingine paina mwaka 1971, kingine wakakiacha nyasi ili walinganishe. Kijito cha kwenye milingoti kilikauka kabisa mwaka wa tisa tangu kupanda. Cha kwenye paina kikakauka mwaka wa kumi na mbili. Na hili ndilo watu hawapendi kulisikia: milingoti ilipokatwa ikiwa na miaka 16, maji hayakurudi kesho yake, yalichukua miaka mitano ndipo kijito kikawa kinatiririka mwaka mzima kama zamani, kwa sababu akiba ya chini ilikuwa imekombwa na ilibidi ijae upya kwanza. Pale walipanda bonde zima, wewe una miti 90 kando ya maji, kwa hiyo usichukue hiyo miaka kama ilivyo ukaibandika kwenye shamba lako. Ila ukisikia mtu anaahidi kwamba mkikata milingoti mwaka huu mwakani kijito kimejaa, jua anawapa ahadi itakayowavunja moyo.

Sasa kinyungu. Mahindi na maharage ya nusu eka hayanywi kama milingoti, na mazao yako yanakaa miezi michache tu. Kinachoumiza kwenye vinyungu mara nyingi ni namna ya kulima: ile mifereji mirefu ya kukausha bonde, maana ukichimba mfereji unaitoboa sifongo na maji ambayo yangetoka mwezi wa kumi yanatoka mwezi wa sita. Halafu kulima mpaka kwenye ukingo wenyewe, mvua ya kwanza ikija udongo wote unaenda mtoni. Na dawa za kupulizia mboga hatua tatu kutoka pale watu wanapochota. Kinyungu cha matuta kisicho na mfereji wa kukausha, kilichoacha ukanda wa majani kando ya maji, na kinyungu cha mifereji minne, kwenye mkutano vinaitwa jina moja ila kwenye mto havifanani hata kidogo. Nakwambia hivi kwa sababu hapa ndipo penye nafasi yako ya kujadiliana, nitarudi.

Tuje kwenye sheria maana naona kuna sehemu mmeogopeshwa kuliko inavyotakiwa. Ile mita 60 ipo kweli, ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Kinachokatazwa ni shughuli za kibinadamu za kudumu au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa kingo, na kifungu hicho hicho kinampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli endelevu ndani ya eneo hilo. Soma hapo vizuri. Hakisemi shamba sio lako tena, kinabana matumizi. Na ndiyo maana fidia haiji yenyewe, kwa macho ya sheria hujanyang'anywa ardhi, umezuiwa kufanya kitu fulani juu yake. Mimi sio mwanasheria kwa hiyo tafsiri ya mwisho usiichukue kwangu, ila usikubali kuambiwa kwamba hakuna cha kuzungumza.

Haya, ni haki? Nikupe jibu la kichumi kwanza halafu nikupe la moyoni. Kiuchumi, mto ukitumiwa na watu wengi, kila mmoja anapata faida yake yote ila hasara anayoiacha inagawanywa kwa walio chini yake, hivyo hakuna anayeiona kwenye daftari lake. Mlingoti wako mmoja wa bondeni unakuletea wewe elfu 15, lakini maji yaliyonywewa na mti huo yamepungua kwa mtu usiyemjua. Huo ndio mzizi wa sheria zote hizi. Serikali ikiweka mita 60 inasema haki ya ukanda ule ni ya mto, ikisema hivyo basi gharama inaangukia kwa mwenye shamba. Ingesema haki ni ya mkulima, wa chini ndio wangelazimika kuchanga waje kukuomba uache. Mto ungeweza kupona kwa njia zote mbili, tofauti ni nani anatoa hela mfukoni. Na mtu akishaelewa hivyo anaona kwamba swali la mume wako sio ubishi, ni swali halali kabisa ambalo kwenye mikutano yetu halipewi dakika tano. La moyoni ni kwamba kumwambia mama wa watoto wanne aache laki sita mwezi ujao bila kipindi cha mpito na bila mbadala, hapana, mimi naona sio haki, na naamini pia haitadumu, watu wataacha mwaka mmoja na mwaka wa pili watarudi usiku.

Lakini hao wa chini ni nani hasa? Hapa nikurekebishe kidogo maana watu wanachanganya Ruaha mbili. Ule mto unaosikia umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu mwaka 1993 ni Ruaha Mkuu, unaotoka bonde la Usangu na Ihefu, na maji yake yanachukuliwa sana na skimu za mpunga za kule Mbarali. Kijito chako hakiendi huko. Chako kinaingia Ruaha Mdogo, kinapita Iringa mjini ambako watu wa mji wanakunywa, kinashuka Pawaga kwenye mpunga, ndipo kinakutana na Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Mtera ina mtambo wa megawati 80, maji yale yale yakishuka yanazungusha Kidatu megawati 204, na yakiendelea mpaka Rufiji yanaingia bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Kwa hiyo tone moja la kwenu linaweza kufanya kazi mara tatu. Mume wako hajakosea, faida ni kubwa na iko mbali.

Sema angalia kila mmoja anataka nini. Mtera ni bwawa la kuhifadhi, linakusanya maji ya masika na kuyatumia baadaye, kwake yeye cha maana ni ujazo wa mwaka mzima na tope lisiingie. Mji wa Iringa na wakulima wa bustani wa kule chini hawana pa kuhifadhi maji mengi namna hiyo, kwao cha maana ni maji ya mwezi wa kumi. Ndoo ya maji mwezi wa nne haina thamani, mwezi wa kumi ina thamani kubwa, ni ndoo ile ile. Kwa hiyo ukienda kudai malipo kwa watu wa umeme kwa kusema umeongeza maji ya kiangazi unaweza kuwa umekosea mlango, hao ukiwaambia tope limepungua ndio watakusikiliza. Mlango wa maji ya kiangazi ni mji na wamwagiliaji.

Kulipwa kwenyewe kunawezekana, sio ndoto. Hapa hapa Tanzania, milima ya Uluguru kule Morogoro, kulikuwa na mpango wa kuwalipa wakulima wa juu ya mto Ruvu wajenge makinga maji na kupanda miti ili udongo usishuke kwenye maji yanayokunywewa Dar es Salaam, mashirika ya CARE na WWF ndiyo yaliusimamia na waliochangia kama wanunuzi walikuwa DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na Coca-Cola. Costa Rica nchi nzima inalipa wenye misitu tangu 1997, na sehemu ya hela inatoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Afrika Kusini wamekuja kwa upande mwingine, sheria yao ya maji ya 1998 inahesabu kilimo cha miti ya biashara kama matumizi ya maji, mwenye shamba la miti anaomba leseni na analipia. Yaani kwingine anayetunza analipwa na kwingine anayetumia anatozwa, na yote ni uchumi ule ule.

Ila dada nisikupe matumaini ya uongo. Kuna vikwazo viwili vikubwa. Hakuna mamlaka ya maji wala kampuni itakayoandikishana na kaya moja moja, gharama za kukaa na tuseme kaya 40, kupima, kukagua na kulipa zinaweza kumeza hela yenyewe kabla haijakufikia, kwa hiyo bila kikundi kilichosajiliwa hamna kitu. Na kikwazo kibaya zaidi, mnunuzi atauliza: hiki unachotaka nikulipe si sheria inakulazimisha tayari? Ndani ya mita 60 hoja yako ni dhaifu hapo. Hoja yenye nguvu ni ya nje ya mita 60, makinga maji kwenye mashamba ya mlimani, kupunguza milingoti kuanzia mita 60 kwenda juu, kupanda mivengi (miti ya asili ya kwenye maji) kwenye chemchemi. Hivyo sheria haikulazimishi, ukivifanya umeuza huduma ya kweli. Ndani ya mita 60 muombe msaada wa mpito, miche, muda, pampu, ila msiuite malipo.

Na ukiomba, omba kwa namba sahihi. Umesema laki sita. Hasara yako ya kuacha sio laki sita, ni laki sita ukitoa kile utakachopata badala yake. Kama mbadala unakupa laki tatu na nusu, hasara ni laki mbili na nusu kwa mwaka. Kaya 40 zikiwa hivyo ni milioni 10 kwa mwaka kwa kijito kizima, na hapo ndipo mtu wa bodi ya maji ya bonde anaweza kukaa akajiuliza, je maji ya kiangazi tutakayopata yana thamani ya milioni 10? Ukimpelekea laki sita mara arobaini atajua umeongeza na atafunga faili. Halafu hukuhesabu nguvu zako, wiki ngapi unainama kule bondeni. Ziandike pia, maana ukihamia kazi nyingine zile siku zina bei.

Mume wako amesema neno lingine zito, kwamba wa ng'ambo hawataacha. Kiukweli huo ndio ugonjwa wenyewe. Wewe ukiacha peke yako umepoteza laki sita na kijito hakijapona, yeye akiendelea anapata mahindi yake na maji kidogo uliyoyaacha. Kila mtu akiwaza hivyo, na kuwaza hivyo ni akili sio ubaya, hakuna atakayeanza. Elinor Ostrom, mama wa Kimarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kufuatilia vijiji vinavyomiliki kwa pamoja maji, malisho na misitu, akaonyesha kwamba sio lazima viishie kwenye uharibifu na sio lazima serikali ije na mabavu wala kila kitu kibinafsishwe. Vilivyofanikiwa vilikuwa na sheria walizotunga watumiaji wenyewe, wakaguzi kutoka kwao wenyewe, na adhabu inayoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Watu walikuwa tayari kujibana mradi waone na mwenzao amebanwa.

Kwa hiyo mnachotakiwa kukipigania kwenye mkutano ujao sio "tusiache". Pambaneni iwe siku moja kwa wote, ng'ambo zote mbili, na wale wenye mashine za kuvuta maji huko juu kama wapo wawe wa kwanza kuhesabiwa, sio akina mama wenye nusu eka. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Ombeni ziandikwe kwa hatua: mwaka wa kwanza mifereji ya kukausha ifukiwe na milingoti ya bondeni ikatwe, ukanda wa ukingo uachwe majani, dawa marufuku, halafu vinyungu vipungue kurudi nyuma misimu miwili mitatu wakati mbadala unajengwa. Afisa anaweza kukataa, ana haki ya kukataa, ila mpango ulioandikwa una uzito kuliko kelele. Na mlete jumuiya ya watumia maji ndani, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inazitambua na ndizo zinazoweza kukaa meza moja na wa Pawaga.

Sasa dalali. Dada, usimpe yote. Elfu tano kwa mti wa miaka sita ni bei ya hofu, ameijua taarifa ya mkutano kabla yako na anaitumia. Gawanya miti yako makundi mawili. Ile 90 ya bondeni itaondoka kwa vyovyote, na kila kiangazi inachokaa inakula maji, iuze sasa kwa bei utakayoweza, hata kwa elfu tano yake ni 450,000, na mtafute mnunuzi wa pili na wa tatu kabla hujasaini kitu. Ile 210 ya juu haijaguswa na mita 60, pima kwanza kwa kamba usikisie kwa macho.

Kwa hiyo 210 hesabu ni hii. Elfu 5 leo, elfu 15 baada ya miaka minne, ni kama hela inakua kwa asilimia 32 kila mwaka. Hakuna benki itakayokupa hiyo. Lakini linganisha na vicoba, asilimia 10 kila miezi mitatu ukiizungusha mwaka mzima inafika karibu asilimia 46. Yaani elfu 5 ya mkopo usiolipwa ikizungushwa miaka minne inakuwa kama elfu 23. Kwa hiyo kama ukisubiri miti utalazimika kukopa vicoba kila muhula kulipa ada, mti unakua taratibu kuliko deni, na hapo kuuza sehemu sasa ni akili. Kama huna deni, kusubiri kunakulipa vizuri sana. Ndiyo maana watu wetu wengi wanauza miti michanga na wataalamu wanawacheka kwamba hawana subira, sio subira dada, ni bei ya mkopo. Mimi ningekuwa wewe ningechukua 450,000 ya bondeni nikalipia ada ya mwaka huu nisikope, ile ya juu nikaiacha. Ingiza na hatari ya moto kwenye hesabu, moto mmoja wa mwezi wa tisa unafuta miaka yote, kwa hiyo safisha barabara ya moto kuzunguka shamba, na ikibidi uza thelathini arobaini kupata hela ya vibarua wa kuisafisha.

Mkikata ya bondeni msing'oe visiki, udongo wa ukingo utashuka wote. Kateni chini kabisa, menyeni ganda la kisiki mpaka chini, na chipukizi zikitoka mtoe kila baada ya wiki chache, mlingoti hauchoki kuchipua na usipofuatilia baada ya mwaka una msitu mpya. Pale pandeni mivengi, ndiyo mti wa maji wa kwetu. Mianzi ya ulanzi pia inashika ukingo vizuri na inaingiza hela kipindi cha mvua ambacho kinyungu hakipo, ila usitegemee iwe ada. Mabingobingo ya kukata ni mazuri kama una ng'ombe wa maziwa au jirani anaye wa kumuuzia. Mizinga hata mitano. Parachichi weka mlimani sio bondeni, na utasubiri miaka mitatu minne ndipo uone kitu, na kiangazi inataka maji, watu wanasahau kusema hilo wanapouza miche. Mboga zihamishie juu ya mita 60 kwa pampu ya kukanyaga, ila jua pampu kama hiyo inayokaa juu ya ardhi haivuti maji kutoka kina kinachozidi kama mita saba, kwa hiyo pima mteremko kabla ya kununua. Ukitumia mashine ya mafuta uliza kwanza kibali cha kutumia maji. Kwa uzoefu wangu hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachofikia kinyungu peke yake mwaka wa kwanza, viwili vitatu pamoja vinaweza kukaribia mwaka wa tatu, na ndiyo maana nasisitiza muda wa mpito.

Kuna mambo ya kwenda mwenyewe na sio ya kuandikiana hivi. Afisa misitu wa wilaya, kabla gari la dalali halijafika, kuhusu vibali vya kuvuna na kusafirisha na miti ya nguzo inanunuliwa ikiwa na umri gani kwa sasa. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, nendeni watu wanne watano na mtendaji wenu, muulize kama kijito chenu kimewekewa mipaka rasmi na kama mna jumuiya iliyosajiliwa, maana mita 60 inapimwa kutoka wapi ni swali linaloweza kukurudishia nusu ya kinyungu au kukuondolea chote. Na kama mtu akija kufyeka mazao yaliyosimama shambani bila barua, au mkaambiwa mlipe faini bila risiti, hapo usibishane naye shambani, piga picha, andika tarehe, tafuta msaada wa kisheria wa bure mjini siku hiyo hiyo.

Ukishapima kwa kamba niandikie tena, niambie miti mingapi imeangukia ndani na mingapi nje, na kinyungu kimekatwa wapi. Kama ikiwezekana mpime pamoja na mume wako, mkae na daftari moja.